Mwizi Niliyemvika Soksi Usoni

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya usalama wa mtandao, katikati ya jiji, Mkuu wa Elimu kwa Umma alinionyesha meza, akanipa chupa ya wino na onyo: "Hapa hatuchori kuchekesha watu. Tunachora ili wasiibiwe kwenye intaneti." Nilicheka kimoyomoyo. Nilikuwa nimechora wanasiasa kwa miaka. Mwizi wa kompyuta angenishindia wapi?

Kazi ilikwenda hivi: rasimu kwa penseli, wino juu yake, halafu skana, mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta. Bango likishachapishwa, nililibandika mwenyewe kwenye kuta za saiba, vile vyumba vya kukodi kompyuta kwa dakika, kuanzia mjini hadi mtaa wa Kangemi. Katuni yangu ya kwanza ilikuwa jambazi mwenye soksi usoni, akichungulia neno la siri la mtu. Mkuu aliipenda. Mimi niliipenda zaidi.

Miezi michache baadaye akaja Rispa, dada wa Kangemi aliyekuwa akifulia watu nguo mtaa wa Kileleshwa. Alikuwa ameomba nafasi ya kusomea uuguzi, na chuo kilimjibu kwa barua pepe kwamba amepata. Mkononi alishika bango langu, limebanduliwa ukutani.

"Ni wewe ulichora hii kitu?"

"Ni mimi."

"Ilinidanganya. Mimi nilikuwa naangalia tu kama kuna mtu amefunika uso. Dakika zikaisha, watu wako kwa laini wanangoja, nikaamka haraka nikapisha jirani yangu wa ploti, tumepanga nyumba kwa landlord mmoja. Email yangu ilikuwa bado wazi. Akaandikia chuo ati nimeghairi! Juzi tukigombana ndio akajitapa."

Niliona aibu, tena sana. Adabu yake ya kupisha mwenzake ndiyo iliyomponza, na mimi nilikuwa nimemfundisha kumwogopa mtu asiyekuwepo. Nikampeleka kwa Mkuu.

Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akaandikia chuo barua kueleza mambo yalivyokuwa. Kisha akanigeukia. "Wewe, chora kilichotokea."

Nilichora upya Rispa akiwa kando yangu. Jirani nilimpa ndita za hasira usoni.

"Hapana," akasema. "Mfanye acheke. Alinisalimia kabla akae."

Bango hilo sikulibandika ukutani. Nililiweka mbele ya kila kiti cha saiba, kando ya kompyuta, na maneno machache: Funga akaunti kabla hujampisha mwenzako. Wahudumu wa saiba nao wakazoea kuuliza, "Umefunga?" kabla ya kumwita anayefuata. Chuo kilimpokea Rispa muhula uliofuata.

Niliifanya kazi hiyo hadi nikastaafu, na naweza kusema bila haya kwamba niliifanya vizuri. Wachoraji vijana wakiniuliza mwizi anachorwaje, huwaambia wampe uso wa mtu wanayemsalimia.

Lile bango la soksi nimelitundika sebuleni kwangu, mtaa wa Jamhuri. Mwezi uliopita Rispa, ambaye siku hizi ni muuguzi, alikuja kunipima presha. Akalitazama, akacheka, halafu akaelekeza kidole kwenye kompyuta yangu mezani.

"Mzee, umefunga email?"

Nilikuwa sijafunga.