Mng'ao Juu ya Namba

Tajiri wangu alipoamua kuihamishia dukani kwetu Kasulu ile mashine kubwa ya kopi na kuskani ya duka lake la Kibondo, alinituma kwanza huko Kibondo nikajifunze kuitumia. Shule yangu mimi iliishia kidato cha pili, na Kiingereza changu ni cha kusoma maandishi ya kwenye maboksi. Fundi wake, kijana mwenye maneno mengi, alinipitisha kwenye menyu neno kwa neno, nami nikawa nayaweka kichwani kwa namna yangu. Risolusheni nikaiweka kuwa ni wingi wa nukta: ukiweka mia mbili, karatasi inasomeka, ukiweka mia sita, unaona hadi unywele ulioangukia kioo. Fida ni ule mdomo wa juu unaomeza karatasi wenyewe. Kioo cha chini ni cha vitu ambavyo hutaki vimezwe.

Kilichonisumbua ni kuskani kwenda kwenye mtandao. Nilidhani ni intaneti. Fundi akasema hapana dada, mtandao ni huu wa humu dukani tu. Mashine inaipiga karatasi picha, inaipeleka kwenye folda iliyo ndani ya kompyuta, na anayezipitisha hizo picha ni ruta, kile kiboksi cha taa za kijani juu ya kabati.

Sijui kama niliyaelewa sawasawa. Niliyaelewa kiasi cha kufanya kazi siku ambazo hakijaharibika kitu.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya mwisho ya kuomba mikopo ya chuo. Steshenari zote za hapa mjini zilijaa watoto na wazazi hadi barazani, na umeme ulikuwa umekatika asubuhi nzima. Ulikuwa ndio kwanza umerudi aliponifikia mama mmoja kutoka Titye, ana binti yake aliyemaliza kidato cha sita.

"Mwidiwe, dada," alinisalimia Kiha, kisha akamwachia binti aeleze.

Binti akaeleza huku anaangalia simu yake. Ombi lake lilikuwa limerudishwa. Walikuwa wamekipiga cheti cha kifo cha baba yake picha kwa simu, nyumbani, na mfumo ukajibu kwamba namba ya cheti haisomeki. Dirisha lingefungwa saa kumi na nusu jioni hiyo. Bila cheti kile angehesabika kuwa ana baba wa kumlipia.

"Na mkopo usipotoka?" nilimuuliza, swali la kijinga.

Mama ndiye aliyejibu. "Haendi. Anarudi kulima na mimi."

Akakifungua kitenge akakitoa cheti. Kilikuwa kimepigwa lamination. Huku kwetu cheti hakilali nyumbani bila plastiki. Kuna mvua, kuna moshi, kuna mchwa. Mtu anatoka nacho ofisi ya wilaya anakuja moja kwa moja dukani, nasi tunampigia. Hiki kilikuwa kimekaa miaka chini ya godoro, plastiki imeumuka, imefanya mikunjo mirefu iliyoelekea upande mmoja kama matuta ya viazi. Fida ingekitafuna, kwa hiyo nikakilaza kwenye kioo, nikabonyeza.

Mashine ikafikiri. Kisha ikaandika kwamba haiwezi kuunganishwa na folda.

Nikabonyeza tena. Vilevile. Nyuma yangu watu wakaanza kunung'unika, na mwalimu mmoja mwanamume aliyeshika bahasha akasema, "Dada, hiyo mashine ni pambo au inafanya kazi?"

Watu wakacheka. Nisimwonee, na yeye alikuwa na mtoto wake anayesubiri.

Nikampigia fundi Kibondo, nikamweka kwenye spika ili mikono yangu ibaki huru.

"Tulia dada angu. Umeme ulikatika?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo hiyo. Ruta ni kama mwenye gesti. Umeme ukirudi anaanza kugawa vyumba upya, anayewahi anapewa. Kompyuta yako imehama chumba. Mashine bado inagonga mlango wa zamani."

"Na mle chumbani yupo nani?"

"Hebu soma majina kwenye ule ukurasa wa ruta niliokuonyesha."

Nikafungua, nikasoma namba kwa sauti, nikafika kwenye ile iliyokuwa yetu. Pembeni yake kulikuwa na jina la aina ya simu. Nikageuka. Tajiri alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, kofia imerudi nyuma, anasikiliza mawaidha kwenye simu mpya aliyoletewa na nduguye wa Tanga.

"Ni simu ya tajiri," nikasema.

Fundi akacheka mpaka spika ikakwaruza. "Chumba chenu kalala bosi! Mashine inampelekea vyeti mfukoni!"

"Mimi tena?" tajiri akasema. "Mwanangu, mimi nimekaa hapa natafuta radhi za Mungu, sijachukua chumba cha mtu." Lakini akaizima Wi-Fi mara moja, na akasimama kabisa, kana kwamba kuhama kwenyewe kulihitaji miguu. Fundi akanielekeza kuirudishia kompyuta namba yake na kuifunga asiichukue mwingine. Nilikosea mara moja, akarudia bila kunigombeza. Nayaandika haya kwa sababu siku nyingine nimewahi kumsema vibaya.

Nikabonyeza. Safari hii karatasi ikafika kwenye folda. Nikaifungua, na binti akainama juu ya bega langu.

Jina la baba lilionekana. Mahali alipofia palionekana. Lakini juu ya namba ya cheti palikuwa na mchirizi mweupe, mnene, mahali ambapo taa ya mashine ilirudi kutoka kwenye mkunjo wa plastiki. Namba ilianza, ikaingia kwenye weupe, ikatokea mwishoni.

"Ndivyo ilivyokuwa kwenye simu," binti alisema.

Nilidhani dawa ni kuongeza nukta. Nikaweka mia tatu, nikaweka mia sita, nikaweka rangi kamili. Mashine ikapita polepole na taa yake chini ya kioo, na mama akawa anaifuata kwa macho. Weupe ulikuwa uleule, tena safi zaidi. Fundi akasema kwenye spika kwamba nukta haziwezi kuleta kisichoingia. Penye mwanga mtupu utapata mwanga mtupu mkubwa. Nikajaribu kukikandamiza kwa kitabu kizito, mkunjo ukahama kidogo ukarudi.

Saa ya ukutani ilikuwa imepita tisa na nusu.

"Pasueni hiyo plastiki," mwalimu akasema. Sasa hakuwa anatania. "Wembe taratibu pembeni, unaibandua. Nimewahi kuona."

"Na wino ukibanduka nayo?" nikauliza.

Akaitazama bahasha yake. Alikuwa mkweli, hakusema haubanduki.

Tajiri akafungua droo akatoa wembe mpya, akaufungua kwenye karatasi yake, akauweka mezani mbele yangu. "Mwenye cheti ndiye mwenye kusema," alisema. "Si mimi, si wewe."

Mama alikuwa amekishika cheti kwa mikono miwili.

"Oya," alisema, yaani hapana. Kisha akamwangalia binti, ambaye alikuwa ameficha uso kwenye mkono wa sweta. "Kikiharibika wanatoa kingine?"

"Wanatoa," nikasema, "ila si leo."

"Kwa hiyo kikiharibika, na leo imepita."

"Ndiyo, mama."

"Na tukikiacha hivi, leo imepita vilevile."

Nimelifikiria hilo mara nyingi, kwamba mwenye mashine nilikuwa mimi na mwenye kupima hasara alikuwa yeye.

"Basi pasua," alisema. "Lakini ngoja kwanza nikione."

Akaenda nacho mlangoni kwenye mwanga. Alikisoma midomo ikicheza bila sauti. Alipofika kwenye namba alikigeuza ubavu, upande wa juu ukaelekea mkono wake wa kushoto, akapinda shingo kukifuata. Kutoka pale nilipokaa niliona weupe ukiteleza kwenye plastiki ukaisha, kama unavyoisha kwenye sinia ukiligeuza.

"Mama, unafanyaje hapo?"

"Nasoma. Hapa pana ng'aa-ng'aa, nikisoma dirishani nakilaza hivi."

"Kiweke hivyohivyo!" binti akapiga kelele. "Dada, kiweke hivyohivyo kwenye kioo!"

Nadhani nilikuwa nimeshanyoosha mkono kabla hajasema, lakini binti anasema yeye ndiye aliyewahi, na fundi alidai baadaye kwamba alikuwa mbioni kunieleza kwamba taa inakwenda mwelekeo mmoja na mikunjo, tuikatize. Inawezekana wote ni wakweli. Ninachokijua ni kwamba mama ndiye aliyekigeuza.

Nikakilaza kwa ubavu, mikunjo ikikingama na njia ya taa. Nikaondoa rangi nikaweka kijivu. Nikabonyeza na kufumba macho, sina haya kusema. Karatasi ilipofika kwenye folda ilikuwa imelala, nikaizungusha. Namba ilikuwa nzima. Hafifu katikati, lakini nzima. Binti akaisoma kwa sauti na mama akaifuata kwenye plastiki kwa ukucha, tarakimu kwa tarakimu, mpaka mwisho.

Tukapandisha. Mfumo ukakataa: faili zito mno. Nilikuwa nimesahau nukta mia sita.

"Mungu wangu," mwalimu akasema, naye sasa alikuwa ameegemea kaunta kama ndugu wa ukoo.

Nikarudisha mia mbili. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu nukta zikipungua, lile hafifu la katikati lingeweza kupotea. Taa ikapita tena. Nikafungua, nikakuza. Tarakimu zilikuwa zimenenepa pembeni, lakini unasoma. Tukapandisha. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, tajiri akiwa ameiinua simu yake juu kuonyesha watu wote kwamba Wi-Fi ameizima. Kisha ikaandikwa imepokelewa.

Hakuna aliyepiga makofi. Binti aliketi sakafuni tu, palepale. Mama aliuchukua wembe mezani akaurudisha kwenye karatasi yake na kumpa tajiri mkononi.

"Asante kwa wembe, baba," alisema.

"Alhamdulillahi haukufanya kazi," tajiri akajibu, akauweka kwenye droo.

Kupokelewa si kukubaliwa, na hilo nilimwambia binti, nisije nikampa furaha isiyo yangu kutoa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikilala nikiiwaza ile katikati hafifu. Nilijiuliza kama mtu wa mikopo aliyekaa mbele ya kompyuta yake huko mbali angekuwa na subira ya kukuza picha.

Tangu siku ile, anayeleta cheti kipya namwuliza kama amekwisha kukiskani kabla sijawasha mashine ya plastiki. Tajiri mwanzoni alisema nafukuza wateja. Sasa anawauliza yeye mwenyewe.

Walirudi asubuhi moja ya mvua, binti na begi kubwa lililofungwa kamba, yuko njiani kwenda stendi. Mkopo ulikuwa umetoka. Sijui sana kusema maneno ya wakati kama huo. Nilisema hongera, nikauliza wanataka nini.

"Kopi ya kile cheti," mama alisema. "Akae nayo huko."

Nikanyoosha mkono kukipokea, lakini alikuwa ameshapita upande wangu wa kaunta. Aliinua kifuniko mwenyewe, akapangusa kioo kwa ncha ya kitenge, akakilaza cheti kwa ubavu. Akakisogeza kidogo, akafunika.

"Haya, dada," alisema. "Bonyeza."