Ulanzi Mtogwa Niliompakilia Shemeji

Jina langu liacheni. Mkinijua, dada yangu atajua, na mimi bado sijapata ujasiri wa kumwambia. Nimemrudisha mume wake kwenye pombe. Nikiwa peke yangu huwa najidanganya kwamba ilikuwa bahati mbaya. Uongo! Nilijua, nikanyamaza.

Mimi ni mtu wa Njombe mjini, nauza parachichi. Kila mwaka baada ya Pasaka, mimi na marafiki zangu wawili wa Makambako tunateremka Lupingu, tunakodi mtumbwi pamoja na mwenye mtumbwi, tunafuata ufukwe wa Ziwa Nyasa mpaka kule ambako milima imeingia majini na hakuna barabara wala duka. Tunalala kwenye mahema, tunachoma samaki, tunarudi. Ndiyo starehe yetu.

Kwenye safari hizo mimi ndiye waziri wa vinywaji. Jamani, kazi hiyo nilikuwa naiweza! Chupa za kioo kwangu hazipandi mtumbwini. Mvinyo nauhamishia kwenye chupa za plastiki, naminya hewa itoke ndipo nafunga. Pombe kali natia kwenye chupa ngumu na kuziandika kwa kalamu nene, asije mtu akadhani ni maji. Vyote naviviringisha kwenye blanketi, navipanga chini katikati ili mtumbwi usilalie upande. Wenzangu walikuwa wananitania kwamba ningefunga na chakula kwa moyo huohuo, tusingekuwa tunasahau chumvi.

Mwaka huu nikamwalika shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Ana mashine ya kupasulia mbao. Zamani alikuwa mlevi, mlevi hasa, wa kuokotwa barabarani. Akaacha. Aliacha kwa shida, kwa kutetemeka na kulia huku dada kamshika mikono, na sasa alikuwa na miaka kadhaa anaimba besi kwenye kwaya ya kanisani. Akirudi nyumbani watoto walikuwa wanamkimbilia. Mimi nilimwonea huruma kwa sababu alikuwa hatoki, ni nyumbani, kwenye mashine na kanisani basi.

Dada alikubali shingo upande. Asubuhi ya kuondoka alinivuta kando ya gari.

"Najua mnachobeba," akasema. "Simkatazi kwenda. Ila ninayemkabidhi ni wewe, mdogo wangu, sio hao wenzako."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, shemeji nimemfungia mtogwa.

Wasiotoka kwetu niwaeleze. Ulanzi unagemwa kwenye mianzi michanga wakati wa mvua. Ukiwa wa leoleo ni mtamu, unaitwa mtogwa, na kwetu wanakunywa watoto, wanakunywa wazee wa kanisa, hakuna anayeuita pombe. Ukikaa unachacha, unakuwa mkangafu, na huo unaangusha watu wazima. Dada aliposikia mtogwa akacheka, moyo ukamtulia. Hata yeye huwa anampa nyumbani.

Ningeweza kubeba soda. Mmoja wa wenzangu ni Mwislamu, hanywi, na hubeba soda zake kila mwaka bila kelele. Lakini mimi nilitaka shemeji naye awe na dumu lake, ashike kikombe kama sisi, asijione mgonjwa. Kifuniko nikakilegeza kidogo ili dumu lisivimbe, nikalipakia pamoja na vingine.

Hilo lilikuwa kosa la mtu wa baridi. Njombe mtogwa unaweza kulala ukaamka bado mtamu. Tulipita Mlangali tumevaa makoti, tukafika Lupingu tukavua mpaka mashati. Mimi niliyefikiria kioo, nikafikiria hewa, nikafikiria uzito, sikufikiria joto!

Siku ya kwanza shemeji alikunywa akasifu. Kesho yake asubuhi, wenzangu wakikunja mahema, nilikwenda kupanga mizigo nikasikia dumu linachemka lenyewe. Nilipofungua, povu likapanda mpaka mkononi. Nikaonja. Ulikuwa mkangafu, tena mkali.

Hapo ndipo pa kunihukumu. Sikuwa nimelewa. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka, nina akili zangu zote. Ziwa lilikuwa palepale miguuni, ningemwaga tu. Nikafikiria atasononeka, nikafikiria nitaharibu safari, nikajiambia kikombe kimoja cha ulanzi si kitu. Nikarudisha kifuniko.

Alipokuja na kikombe nilimtilia mimi mwenyewe. Akanywa funda moja, akatulia, akaniangalia. Nikageuka nikajifanya nakaza kamba za mizigo. Akamaliza, akaleta kikombe tena.

Mchana huo shemeji alikuwa furaha tupu. Aliimba mpaka mwenye mtumbwi akashindwa kupiga kasia kwa kucheka. Ni yule wa soda peke yake aliyenisogelea akaniuliza taratibu dumu lile lina nini. Nikamjibu ni mtogwa. Lilipokwisha, shemeji akaomba kuonja zile chupa zangu zilizoandikwa. Nilimnyima, halafu nikaona nimefanya la maana! Akaenda kuonjeshwa na rafiki yangu mwingine, ambaye hakujua habari zake za zamani kwa sababu sikuwa nimemwambia.

Tangu turudi anakunywa. Mashine kaiachia vibarua, maana mikono inatetemeka na msumeno anauogopa mwenyewe. Kwaya haendi. Watoto wakisikia geti linafunguliwa wanaingia chumbani.

Dada amekonda. Ananipigia simu mimi, mimi jamani, kuniuliza amsaidieje mume wake. Mara anasema ni marafiki wa mbao, mara anasema karogwa. Tumempeleka hospitali. Tumempeleka mpaka kwa padri wa Kikatoliki kule Uwemba, sisi Walutheri. Anatulia kidogo, tunaanza kumshukuru Mungu, halafu anaanza tena. Kila ninachojaribu ni bure. Kama ningeweza kuirudisha ile asubuhi moja tu!

Wiki iliyopita dada akanituma nikaongee naye, maana eti mimi ananisikiliza. Nilimkuta amekaa juu ya rundo la mbao, mashine imezimwa, macho mekundu. Nikamsalimia kamwene, akaitikia vizuri tu. Nikaona nikiondoka bila kusema leo sitasema tena. Nikamwambia yote: kwamba lile dumu la ziwani lilikuwa limeshachacha, kwamba nilionja kabla yake, kwamba nilimtilia huku najua. Nilidhani atanipiga. Kwa kweli nilitamani anipige.

Hakukasirika hata kidogo.

"Hata mimi nilijua, shemeji," akasema. "Funda la kwanza tu nilijua. Ndiyo maana nilikuangalia. Nilikuwa nasubiri uninyang'anye kikombe."

Nilikaa naye pale mpaka vibarua wakarudi kutoka kula. Dada aliponiuliza tumeongea nini nikamwambia tumeongea tu. Mnaona mtu gani mimi? Hata sasa naandika kwenu kwa sababu kwake nashindwa.

Basi nyinyi mnaofunga vinywaji vya safari, na kati yenu yumo mmoja aliyeacha pombe, nisikieni. Kabla hamjaondoka waambie wenzako wote kwamba aliacha, usione aibu kwa niaba yake. Mbebee soda, mbebee maji. Na kama kinywaji chake kimebadilika njiani, mwaga. Akinuna, mwache anune, safari ikiharibika iharibike. Mwaga mbele yake, kwa mkono wako, wala usisubiri akuombe. Yeye hawezi kuomba. Anakuangalia tu.