Herufi za Arusi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyoamka nikijiona fundi kuliko mafundi wote wa Bunia, na kabla ya saa sita nilikuwa nalia mbele ya ukuta wa parokia.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa msichana wa kupiga chapa katika sekretaria ya Papa Anselme, ofisi ndogo ya kuchapa karatasi za watu kule mtaa wa Saio: kompyuta moja, printa moja na jenereta yenye hasira. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na aina ya herufi niliyoipenda mno, imepindapinda kama mwandiko wa kalamu ya wino, kila herufi kubwa ina mkia na kitanzi. Tuliziita herufi za arusi, maana mialiko yote ya ndoa ilitoka nazo. Usicheke, hata vitani watu walioana.

Parokia ikatuletea majina ya watoto waliopotezana na wazazi wakikimbia, ambao sasa walitunzwa na masista. Papa Anselme hakuwapo. Niliwaonea huruma watoto wale, nikataka wapate kitu kizuri, nikaandika majina yote kwa herufi za arusi, tena herufi kubwa tupu. Mikia ikakumbatiana, vitanzi vikapandana. Nikaibandika orodha mwenyewe kwenye ukuta wa parokia, wazazi waione, nikaondoka kichwa juu kwa fahari.

Kesho yake Papa Anselme aliitazama, hakunigombeza. Aliniambia tu nisimame pembeni niangalie watu wanavyosoma.

Akaja mama mmoja wa Mongbwalu, mzigo mgongoni, maana lori la Beni lilikuwa linamngoja. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, polepole, hadi mwisho. Kisha akageuka aondoke.

"Jina ya mutoto yangu haiko," akasema peke yake. "Neema haiko."

Neema alikuwa mstari wa saba. Nilimwandika mimi. Nilimkimbilia yule mama, nikamrudisha kwa mkono, nikamsomea. Akakaa chini palepale akalia, nami nikalia naye, na lori likaondoka bila yeye.

"Mikia na maua ni ya arusi," Papa Anselme akaniambia. "Mama mwenye anatafuta mutoto yake, umupatie herufi yenye iko wazi."

Mchana ule orodha ilibandikwa upya, kwa herufi nyoofu.

Miaka ikapita. Mama yule akaingia sekretaria na Neema, mrefu kunishinda, wakitaka mialiko ya ndoa. Kwa woga nikawachapia herufi nyoofu. Mama akaitazama karatasi, akaguna.

"Leo weka mikia yote."

Basi, mwanangu, usiuchukie urembo, lakini kabla hujaanza kazi uliza nani ataisoma na anatafuta nini. Anayetafuta, mrahisishie. Aliyekuja kufurahi, usimbanie. Mungu aibariki mikono yako, na siku ukipotea jina lako liandikwe na mtu mwenye huruma, kwa herufi zilizo wazi. Siku ya arusi yako, mikia nitaiweka mimi.