Daki ya Elfu Kumi na Nane

Nimeimba sauti ya pili kwa miaka kumi na tisa, hapa Iyunga, Mbeya, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia mtu akitoka kanisani anapiga mluzi wa sauti ya pili. Watu huondoka na sauti ya kwanza mdomoni. Sisi wa pili ni kama chumvi kwenye mboga: tukiwepo hatusifiwi, tukikosekana ndipo watu wanakunja uso. Nilishazoea. Lakini kuzoea jambo si kulipenda, na mimi si mtu wa kuumia kimyakimya.

Kwa hiyo siku niliyojisikia mwenyewe, nikiwa nimesimama kwenye duka la vifaa vya simu pale Mwanjelwa, nilimshika mwenye duka mkono kwa furaha, nikasahau kabisa kwamba adhuhuri ilikuwa imekaribia na alikuwa ametoka kutawadha, na mkono wa mwanamke humtengulia udhu. Hakukasirika. Alicheka, akasema maji yapo, atatawadha tena.

Nilikuwa nimekwenda kwa shida ndogo tu. Binti yangu alininunulia simu mpya, simu nzuri, ila haina tundu la hedifoni. Mimi ni fundi cherehani, na nikishona napenda nyimbo zangu ziwe masikioni, maana cherehani inanguruma na wateja wana maneno mengi. Mwenye duka, mtu ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye Kiswahili chake hutufanya sisi wa bara tujione tunatwanga mawe, alinitolea kwanza kiwaya cha elfu tano. Nikajaribu. Kililia chwaa, kama mafuta yanayopokea samaki. Akatoa kingine, kifupi kama kidole, cha elfu kumi na nane, akasema hiki ndicho daki. Akanieleza kwamba ndani ya simu wimbo hauna sauti, ni tarakimu tupu, na lazima pawe na kitu cha kuzigeuza tarakimu hizo ziwe umeme wa kusukuma hedifoni. Kila daki inafanya kazi hiyo, alisema, ila nyingine zinaifanya huku zinapiga kelele zao wenyewe.

Nikaweka albamu ya kwaya yetu. Kwanza nilisikia kimya. Nasema kweli, nilikisikia kimya chenyewe kabla ya wimbo kuanza, na ndani yake manyunyu juu ya bati la kanisa. Kisha mguu wa mwalimu wetu wa kwaya ukigonga sakafu, moja, mbili. Vidole vya mpiga gitaa vikateleza kwenye nyuzi. Benchi likalia. Halafu sauti nne zikaingia, kila moja mahali pake, na pale katikati, chini kidogo ya wale wa kwanza wanaopenda kusikika, tulikuwepo sisi. Wanawake tisa. Ningeweza kutuhesabu. Siku zote nilikuwa nimeisikiliza albamu ile kwenye spika ya simu, au kwenye spika la jirani linalogeuza kila kitu kuwa ngoma, na nilikuwa nimekata tamaa, nikiamini kwamba hatukurekodiwa. Kumbe tulikuwepo muda wote. Machozi yalinitoka mbele ya wateja na sikuona aibu.

Niliinunua daki ile bila kuomba punguzo, jambo ambalo mwenye duka mwenyewe lilimtia wasiwasi. Nilirudi nyumbani natembea haraka kama mtu aliyeitwa. Nikakaa kwenye cherehani, nikaanza wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, naimba nao, nacheka peke yangu. Nilikata mifuko miwili ya sare za shule, yote ya upande wa kulia, na sikujali.

Wimbo wa nne nitaueleza, maana huo ndio ulioleta balaa mwaka uliopita.

Katika wimbo huo, baada ya ubeti wa pili kwaya yote hunyamaza, kinanda hupiga kidogo, halafu sauti ya pili huanza ubeti wa tatu yenyewe. Ni mahali pekee katika albamu nzima ambapo sisi ndio tunaotangulia. Tulirekodi kanisani, wote kwa pamoja, maiki mbili zikituangalia, na tulirudia wimbo ule mpaka koo zikatuuma. Tuliposikiliza baadaye kwenye spika, ilionekana kwamba pale kwenye ubeti wa tatu mtu aliingia kabla ya wakati. Fundi wa kurekodi akasema hawezi kumtoa, tumeshachanganyika. Mwalimu akauliza ni nani. Mimi ndiye kiongozi wa sauti ya pili, na nilijibu kabla hajamaliza kuuliza. Nilimtaja dada mmoja anayesimama kushoto kwangu.

Huyu dada ni Mhehe wa njia ya Tosamaganga, kule Iringa, aliyeolewa huku Mbeya na kubaki hata baada ya mumewe kufariki. Amenizidi miaka michache. Ndiye aliyenipokea kwenye kwaya nilipoingia sijui hata kushika daftari la nyimbo. Lakini siku ile ya kurekodi nilikuwa nimemsikia kwa sikio langu hili la kushoto, ameingia mapema, kwa hiyo sikuwa na shaka. Kwenye kwaya yetu kuna desturi: aliyeharibu wimbo husimama mbele ya wenzake akauimba ubeti huo peke yake. Alisimama. Aliimba bila kosa hata moja, macho yamemtazama mwalimu. Alipomaliza, mimi nilisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Leo ndiyo umeujua?"

Jumamosi iliyofuata hakuja mazoezini. Baada ya mwezi tukasikia amerudi kwao kumtunza mama yake. Watu walisema ni mama mzee, na mimi nikaitikia hivyohivyo, ila moyoni nilisema ni kiburi. Tukabaki wanane, na ubeti wa tatu ukawa mwembamba.

Sasa nilikuwa nimekaa na hedifoni zangu, mkasi mkononi, kinanda kinapiga. Nikasikia mtu anavuta pumzi. Akaingia, mapema, peke yake, kwa nguvu. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, ule mkwaruzo ulionibaki tangu nilipougua koo nikiwa mwali. Nusu pumzi baadaye ikamfuata sauti nyingine, nyembamba, iliyonyooka, na hiyo nayo niliijua. Halafu ndipo wale saba wakaingia, kwa wakati wake.

Nilirudisha nyuma. Nikarudisha tena. Kwenye spika zile sauti mbili zilikuwa zimegandamana kuwa kosa moja. Hapa zilikuwa mbili, na ya kwanza ilikuwa yangu.

Nitasema nilichofanya, hata kama hakinipambi. Sikutubu. Nilikasirika, nikachukua daki nikarudi nayo Mwanjelwa, nikamwambia mwenye duka kwamba kitu chake kibovu, kinageuza sauti za watu. Rahisi ni ghali, nikamwambia, na mimi ndiye niliyeinunua saa chache kabla bila kuomba punguzo. Nikataka kujaribu lile boksi la chuma aliloliweka juu ya rafu, la laki nne. Nilikuwa na imani kwamba kitu cha laki nne kitanitetea.

Alilishusha kwa hiari, ila akanipa masharti. Akasema kitu chenye sauti kubwa zaidi kila mara huonekana kizuri zaidi, na wauzaji wengi wanaishi kwa hila hiyo, kwa hiyo lazima kwanza asawazishe sauti za vyote viwili. Alisawazisha kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nifunge macho, na yeye awe anabadilisha bila kusema. Nilikaa juu ya kigoda, kitenge usoni, kama mama anayenyolewa, nikasikiliza ubeti wa tatu mara nane. Nilijaribu kubahatisha kipi ni kipi. Nilipata mara nne, nikakosa mara nne. Alisema boksi lina nguvu ya kusukuma hedifoni kubwa za studio, na kwa mwenye hedifoni hizo linafaa. Kwa hizi zangu, nisitupe hela. Pembeni wateja wawili walikuwa wameacha shughuli zao wanatutazama.

Nikamuuliza, sasa kwa sauti ya chini, kwa nini vyote viwili vinasema jambo lilelile.

"Mama yangu," akasema, "daki njema haiongezi kitu wala haipunguzi. Kama kuna usichokipenda, kimo kwenye wimbo."

Laki nne na elfu kumi na nane zilikuwa zimenishitaki kwa sauti moja. Nyani haoni kundule, wanasema, na mimi nilikuwa nimelitembeza langu mwaka mzima mbele ya kwaya. Ajabu ni kwamba ndani ya aibu ile furaha haikunitoka. Nilikuwa nimeupata ukweli, upo kwenye pochi, umezungushiwa leso. Nilitaka kumfikishia mwenyewe kabla hasira hazijanipa sababu nyingine.

Nikapanda basi la asubuhi la Iringa. Makambako ilipita nikiwa nasikiliza, na misonobari ya Mafinga ilipita nikiwa nasikiliza, na nakiri kwamba nusu ya safari niliisikiliza mipigo ya gitaa tu, kwa raha zangu, kama msichana. Nikashuka kabla ya kufika mjini, nikachukua bodaboda ya Tosamaganga.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi na mama yake. Nikamsalimu kamwene, salamu ya Kihehe, kwa lafudhi yangu ya Kinyakyusa inayomchekesha siku zote. Alicheka. Hakuuliza nimefuata nini. Alinipa kigoda na mahindi, nikapukuchua naye mpaka mama yake alipoingia ndani, ndipo nikatoa leso. Nilimvisha hedifoni zote mbili, nikabonyeza.

Nilimtazama usoni. Aliposikia mguu wa mwalimu ukigonga sakafu alitabasamu, akanionyesha kwa mguu wake. Alipotusikia tukiingia aliweka mahindi chini. Mkono ukamwenda kifuani, akasema, kwa sauti kubwa ya mtu mwenye hedifoni, "Mdogo wangu, ni sisi hawa?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Halafu kinanda kikapiga, nami nikainama kutazama mapumba.

Wimbo ulipokwisha alivua hedifoni, akazishika mapajani.

"Nilikufuata," alisema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Uliingia, nikakuona uko peke yako. Na wewe ndiye unayetuongoza. Nikaona afadhali tukosee wawili. Nilidhani na wenzetu watafuata, lisijulikane."

Nilimuuliza mbona hakusema siku ile, nilipomsimamisha mbele ya watu. Alichukua hindi lingine, akalitazama, akasema angesema nini, kwamba alikosea kwa makusudi? Nani angemwamini, wakati kiongozi wake ameshasema amemsikia? Kisha akaongeza, bila ukali, kwamba kuimba peke yake hakukumuuma. Kilichomuuma ni lile neno langu la mwisho.

Nililia hapo, na safari hii sikulia kwa ajili ya muziki. Nikamwomba radhi kwa Kiswahili, nikamwomba kwa Kinyakyusa asichokijua. Nikamwambia turudi wote Mbeya, sauti ya pili imekuwa nyembamba. Mama yake alikuwa amepata nafuu, na mdogo wake wa kike alikuwepo wa kumtunza, lakini hakukubali moja kwa moja. Alisema atakuja Jumamosi. Hatasimama na kwaya. Atakaa benchi la nyuma kama mgeni, mpaka asikie.

Alitimiza. Jumamosi alikaa benchi la nyuma, khanga mabegani, mkoba bado uko miguuni. Niliwaomba wote wanyamaze. Nikachomeka daki kwenye simu, na waya wa mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, kwenye daki, na wimbo wa nne ukatoka kwenye spika kubwa za kanisa, safi, bila ule mchwaa wa siku zote, hata mwalimu akageuka kuangalia nimechomeka nini. Kwenye ubeti wa tatu niliwaambia wasikilize sauti ya kwanza kuingia. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya nani. Mkwaruzo ule wanaujua. Nikawaambia na ile ya pili ni ya nani, na kwa nini iliingia.

Kisha nikasimama mbele, kama desturi inavyotaka, kuimba ubeti wa tatu peke yangu.

Nilikuwa nimeufanyia mazoezi ndani ya basi. Nilijua kinanda kinapiga mara ngapi. Lakini watu arobaini walikuwa wananitazama, na yeye yuko kule nyuma, na moyo unanienda mbio kwa hofu na kwa furaha kwa pamoja, hata sijui ipi ilizidi. Kinanda kikaanza. Nikavuta pumzi, nikaingia, na neno la kwanza lilipotoka nilijua kwamba nimewahi tena. Mpiga kinanda alikuwa hajamaliza. Kanisa lilikuwa kimya, na mimi niko mle ndani peke yangu, na mkwaruzo wangu.

Nusu pumzi baadaye, kutoka benchi la nyuma, akaingia.