Stesheni ya Malampaka Ndani ya Stoo ya Mahindi

Mwalimu Apolonia Sayi alistaafu mwezi wa tatu. Mwezi wa nane binti yake Gloria, anayefanya kazi Morogoro, akamwita akapumzike kwake wiki mbili. Nilifundisha naye shule moja hapa Bariadi kwa miaka kumi na tisa, na nilijua kupumzika hakuwezi. Somo lake lilikuwa stadi za kazi. Ukimwachia waya, kopo na nusu saa, ukirudi unakuta kibanda, daraja au mkokoteni wa punda.

Huko Morogoro, Gloria alimpandisha treni ya umeme wakaenda Dar es Salaam na kurudi siku hiyo hiyo. Aliporudi Bariadi hakutusimulia habari za Dar. Alisimulia treni. Siku ya tatu, wakiwa mezani, akamwambia mume wake:

"Luhende, nataka stoo."

"Ya kuweka nini?"

"Treni."

Luhende ni fundi wa mashine za kusaga, si mtu wa maneno mengi. Alimaliza kutafuna, akanywa maji.

"Kubwa kiasi gani?"

"Sentimita tatu kwa kila mita moja ya kweli."

Kesho yake akahamisha magunia sita ya mahindi na kuku mmoja aliyekuwa anaatamia pembeni, akapiga meza ndefu ya mbao kutoka ukuta hadi ukuta. Mita saba. Akamwambia mke wake stoo ni yake mpaka mavuno.

Basi kazi ikaanza, na hapo ndipo ugumu ulipojitokeza, maana treni si moja. Apolonia alikuwa hajawahi kujiuliza ni reli ipi anayoitaka na ya wakati gani. Alifikiri ukishasema treni umeshasema.

Alianza na ile ya umeme, kwa kuwa ndiyo aliyoipanda. Kwa wiki moja alikata maboksi, akayapaka rangi, akatoa kichwa chenye pua ndefu na mabehewa matatu yanayong'aa. Nilipokwenda kumwona nilisifu. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Inapendeza, lakini sina la kuongeza," akaniambia. "Madirisha hayafunguki. Stesheni nimeiona mara mbili, nikiwa nawaza nisipoteze tiketi. Ukiniuliza nyuma ya stesheni kuna nini, sijui."

Akaiweka juu ya kabati.

Wazo la pili lilitoka kwa kaka yake, Masunga, anayefuga ng'ombe huko Mwanhuzi. Alipopata habari kwa simu alicheka sana, kisha akaamuru kama wanavyoamuru kaka wakubwa.

"Mdogo wangu, kama ni treni, tengeneza ya moshi. Hizi nyingine ni mabasi tu yaliyopanda chuma. Ya moshi ilikuwa ikipita, ardhi inatetemeka, ng'ombe wanainua vichwa."

Maneno hayo yalimwingia. Akakubali kutengeneza Malampaka ya miaka ya sitini, stesheni ya kwao, huko wilayani Maswa, ambako pamba yetu ilikuwa inapakiwa kwenda mbali. Safari hii alianza na reli yenyewe. Akaenda kwa Tajudin, mwenye duka la spea za baiskeli, akaomba spoku hamsini.

"Mwalimu, una baiskeli ngapi?" Tajudin akauliza.

"Sina hata moja."

"Sasa spoku?"

"Natandika reli."

Tajudin alimtazama, akazihesabu mara mbili, akamwongezea mbili za bure ili aruhusiwe kuja kuona. Apolonia akazilaza spoku juu ya mataruma aliyoyakata kwenye bati, nafasi ya sentimita tatu barabara, maana reli ya zamani ilikuwa ya mita moja. Luhende akamchomea kwa risasi usiku na mchana wa siku mbili. Reli ikanyooka juu ya meza, na njia moja ya pembeni kwa ajili ya mabehewa ya pamba.

Kisha akaanza injini. Tumbo lake likawa kopo la maziwa ya unga, bomba la moshi likawa kifuniko cha dawa ya meno. Ilipofika kwenye magurudumu akampigia simu Masunga.

"Makubwa yalikuwa mangapi kila upande?"

"Manne."

Akatengeneza manne. Wiki iliyofuata akamuuliza habari za tangi la maji, na katika kueleza, Masunga akataja magurudumu sita. Akatengeneza sita. Mara ya tatu alipouliza, Masunga akasema asihesabu, ni mengi. Tangi nalo lilikuwa leo kaskazini ya stesheni, kesho kusini. Baada ya miezi miwili injini ilikuwa bado haina miguu, na Apolonia akaanza kuingia stoo kama mtu anayeingia kwenye chumba cha mtihani.

Siku moja alimbana kwenye simu.

"Kaka, nijibu vizuri. Hiyo treni ya moshi uliiona ukiwa umesimama wapi?"

Masunga hakukulia Malampaka. Alilelewa kwa babu yao, machungani, akarudi nyumbani akiwa kijana mkubwa.

"Kilimani," akasema.

"Mbali?"

"Mbali kiasi."

"Uliona nini hasa?"

"Moshi, mdogo wangu. Niliona moshi."

"Na magurudumu?"

"Magurudumu nilisimuliwa."

Apolonia alicheka mpaka Luhende akatoka bafuni na povu usoni kuuliza kuna nini. Masunga naye akaanza kucheka upande wa pili. Walicheka hivyo mpaka salio likaisha. Lakini kicheko kilipotulia, tatizo lilikuwa pale pale: reli anayo, treni hana.

Jumatatu akapanda basi la kupitia Maswa, akashuka Malampaka. Ilikuwa miaka mingi hajafika. Alikuta tuta la reli mpya limepita jirani, jekundu, refu kuliko nyumba. Lakini stesheni ya zamani ilikuwepo. Akaanza kupima jukwaa kwa hatua, akiandika kwenye daftari. Mzee mmoja mwenye baraghashia alikuwa amekaa kwenye benchi akimtazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo hakuna treni, mama."

"Sikuja kupanda. Nimekuja kuhesabu."

Mzee akavutiwa. Jina lake lilikuwa Khatibu, mtu wa Kigoma kwa asili, aliyekuja Malampaka kuwa stesheni masta na hakuondoka tena. Apolonia akamweleza kazi yake: meza, spoku, kopo la maziwa. Mzee Khatibu hakucheka. Aliuliza swali moja.

"Unatengeneza mwaka gani?"

"Ile ya zamani tu."

"Hakuna stesheni ya zamani tu, binti yangu. Sabini na nne hapa kulikuwa na mwarobaini, tukaukata. Sabini na nane hiyo sehemu ya ghala ikaongezwa. Ukichanganya utakuwa na stesheni ambayo haikuwepo siku hata moja. Mwaka gani?"

Mzee akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.

"Wewe ni wa nani hapa?"

"Ni mtoto wa Sayi. Mama yangu alikuwa anauza matobolwa hapa jukwaani. Walimwita Mama Masunga."

Mzee Khatibu akavua miwani. Matobolwa ni viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani; huku kwetu ni chakula cha safari.

"Mama Masunga," akasema polepole. "Yule alikuwa ananisubirisha treni. Nilikuwa na sare, nina kofia, nina bendera mkononi, lakini kengele ya kuondoka siipigi mpaka yeye ainue mkono, kwamba amemaliza kumrudishia mtu chenji. Siku moja nilipiga kabla. Alinifuata mpaka ofisini. Sijarudia tena."

"Mzee, unamkumbuka?"

"Na wewe nakukumbuka. Ulikuwa na ndoo ya karanga za kuchemsha, unakimbia upande huu. Treni ya abiria ilitakiwa ipite alfajiri, lakini ikifika asubuhi ninyi mnafurahi, kwa sababu watu wana njaa."

Hapo kinywa cha Apolonia kikafunguka. Akamwambia mzee mabehewa yalikuwa na rangi ya zambarau iliyopauka, na herufi za shirika la zamani la Afrika Mashariki zilikuwa zimefunikwa kwa rangi, lakini jua likipiga ubavuni unazisoma. Akamwambia kichwa kilikuwa cha dizeli, na dereva mmoja alipenda kuweka kiwiko nje ya dirisha. Marobota ya pamba yalipangwa matatu matatu mbele ya ghala, na mbuzi walilala juu yake. Mzee alikuwa anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Hapo hasa." Kila alichotaja alikuwa anajua kiko wapi, kina urefu gani na kinanuka nini.

"Hayo yote ni ya themanini," mzee akasema. "Msimu wa pamba. Themanini na moja marobota yalihamishiwa nyuma."

Apolonia akafunga daftari. Mwaka wa themanini alikuwa na miaka kumi na sita. Huo ndio ulikuwa msimu wa mwisho wa mama yake jukwaani, kwani mwaka uliofuata aliugua na kufariki, na hakuna aliyewahi kumpiga picha.

"Julai themanini," akasema. "Basi."

Aliporudi, tuliokuwa tumemzoea tuliona mabadiliko kabla hajasema. Stoo ilikuwa inawaka taa tangu alfajiri, na akaanza kuimba kama zamani darasani. Kichwa cha dizeli kilimchukua siku nne. Luhende alitoa mota kwenye redio kaseti mbovu, akaifunga chini yake na betri mbili. Mabehewa yakapakwa zambarau, kisha yakasuguliwa kwa msasa ili yapauke, na herufi zikaandikwa na kufunikwa kama alivyosema. Marobota aliyashona kwa kitambaa cha bandeji, ndani pamba halisi kutoka Dutwa. Mbuzi wakalala juu.

Watu aliwafinyanga kwa udongo wa kichuguu juu ya waya. Mama yake alimfanya wa mwisho. Alimfanya mara saba. Uso haukuwa shida, maana kwa ukubwa ule uso ni kama punje ya mtama. Shida ilikuwa jinsi alivyosimama. Mara ya saba akaegemeza uzito wote kwenye mguu wa kushoto, beseni kichwani, mkono wa kulia kiunoni, akamwita Luhende. Luhende, ambaye hakuwahi kumwona mkwe wake akiwa hai, alisema, "Huyu ana haraka, lakini hataki ijulikane."

"Ndiye," Apolonia akasema.

Jumapili ya kwanza ya Februari, baada ya misa, alifungua mlango wa stoo. Tulikuja walimu, majirani, Tajudin na familia yake yote. Mzee Khatibu aliletwa na gari la mpwa wake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Na Masunga akatoka Mwanhuzi na kidumu cha maziwa ya mgando.

"Mwadila, kaka," Apolonia akamsalimu.

"Mwadila, mdogo wangu. Iko wapi hiyo isiyo na moshi?"

Luhende akabonyeza swichi. Treni ikatoka kwenye tundu la ukuta, ikapita ghala, ikapunguza mwendo, ikasimama jukwaani. Halafu ghafla kila mtu akawa na la kusema. Mama mmoja aliyewahi kusafiri akasema behewa la mizigo lilikuwa mbele, si nyuma. Tajudin akaonyesha watoto wake spoku zake. Mzee Khatibu akamkuta stesheni masta wa udongo, mwenye kofia, akamgeuza kidogo kwa ncha ya kidole atazame jukwaa.

Masunga hakuwa anaangalia treni. Alikuwa ameinama juu ya yule mwanamke mwenye beseni. Mikono aliiweka nyuma, kama anayeogopa kugusa.

"Umemweka pabaya," akasema.

"Wapi?"

"Hapa ni daraja la kwanza. Mama hakukaa hapa. Alisema wenye pesa wanabeba chakula chao. Alikuwa kule mwisho, kwa watu."

Apolonia akamtazama mzee Khatibu. Mzee akaitikia kwa kichwa. Masunga akamwinua mama yao kwa vidole viwili, taratibu, akambeba urefu wa jukwaa na kumsimamisha mwisho kabisa, kwenye madirisha yaliyojaa watu.

"Wabeja, kaka," Apolonia akamshukuru.

Masunga akafuta macho kwa kiganja, kisha akazunguka meza akiikagua stesheni yote kama mtu anayenunua shamba. Akasimama kwenye njia ya pembeni.

"Na mabehewa ya ng'ombe yako wapi? Julai themanini nilipakia hapa ng'ombe wa baba kumi na wawili, na mmoja alikataa kupanda mpaka jioni."

"Rangi yake?"

"Mweusi, paji jeupe, pembe moja imeinama."

Apolonia akaleta beseni la udongo, akamsogezea kigoda. Tulipoondoka saa kumi walikuwa na ng'ombe wanne mezani, wanabishana kuhusu nundu ya wa tano, na Luhende alikuwa mlangoni akiuliza kwa mara ya pili kama kuna atakayekula.