Sponji Haitoki

Asubuhi hii Matayo Mugeni amekaa kwenye kigoda kando ya steji ya bodaboda, Busia upande wa Uganda. Magotini amepakata helmeti iliyopinduliwa, anashona mkanda wake wa kidevuni. Shakib, dereva wa stejini, anasimamisha pikipiki na kumnyooshea helmeti nyingine. Nyuma yake ameketi mkewe, Madinah, fundo kubwa la misuko limechomoza utosini chini ya mtandio.

"Mzee, toa hii sponji yote. Kichwa ya bibi haingii."

"Mnakwenda wapi?"

"Majanji, kwa mama yake."

"Sitoi."

"Kwani wewe ni fundi ama polisi?"

"Polisi angekuruhusu," Matayo anajibu. "Yeye naangalia kichwa imefunikwa, basi. Hata ungeweka ugali ndani."

Mafundi wengine hukwangua sponji bila maswali. Kwa hiyo wateja humhama Matayo, na siku nyingine yeye hurudi nyumbani na hela ya mafuta ya taa tu.

Mkewe, Teopista, alikuwa mchuuzi wa samaki. Miaka minne iliyopita alianguka kutoka kwenye boda barabara ya Tororo akiwa amevaa helmeti ya bure ya mheshimiwa mmoja aliyekuwa akiomba kura: ganda jembamba lenye picha yake, ndani tupu. Teopista alisimama, akajipangusa vumbi, akamtania dereva aliyemwangusha. Damu haikutoka. Watu wakampa soda, wakasema apumzike.

"Akaniambia, 'Baba Ritah, kichwa nauma kidogo, acha nilale,'" Matayo anawasimulia.

Jioni hakuamshika. Hospitalini mashine ya kupiga picha ya kichwa ilikuwa mbovu, na gari la kumpeleka kwingine halikuwa na mafuta. Alikufa akisubiri.

Ni muuguzi aliyemweleza baadaye. Ubongo ni laini, unaelea katika maji, umefunikwa kwa utando, kisha fuvu. Mshipa ulipasuka ndani, damu ikajaa polepole. Fuvu halitanuki, kwa hiyo ubongo ndio uliobanwa: kwanza usingizi, mwisho pumzi.

"Sponji naumia badala ya ubongo," anasema Matayo. "Wakubwa walijua picha yao tu. Wangepeleka kichwa yao pale hospitali, mashine ingepona siku hiyo hiyo."

Madinah ameyasikia yote. Anashuka.

"Mzee, nimelipa msusi nikapendeza, sasa unataka nifumue?"

"Usifumue, binti yangu. Hilo fundo tu, lishushe kisogoni."

Madinah anamtazama mumewe, anaguna, anaingiza mikono chini ya mtandio. Fundo linashuka. Helmeti inaingia, sponji ikiwa imekaa yote.

"Nzito!"

"Zoea."

Wanaondoka. Matayo anainuka, anajipangusa nyuzi. Leo anafunga mapema apite sokoni, kwenye vibanda vya wasusi. Anataka kuwaomba wamsuke kila mwanamke anayepanda boda nywele za kulala bapa kichwani, bila fundo.

"Serikali nimeingoja, imenizikia mke," anasema. "Sasa naanza na wasusi."