Picha ya Shemeji Kwenye Usukani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika kisimani tu nimeshaanza kukumbuka kitanda changu. Magari niliyapenda sana, lakini kwa macho. Nikipanda, hata kilomita mbili hazijaisha, utingo ameshaanza kutafuta mchanga wa kufukia nilichokula. Kwa hiyo kaka yangu alipohamishiwa kazi kusini akaniachia kamera yake ya sanduku, ile unayoishika tumboni na kuchungulia kwa juu kama mtu anayetafuta nyama ndani ya chungu, sikuhitaji kufikiri nitapiga picha za nini. Nyumba yetu pale Iguguno ilitazamana na ghala la ushirika, na ghala liko kando ya barabara. Malori yalikuja yenyewe mpaka mlangoni kwangu. Nani aende kuyatafuta?

Ilikuwa miaka ile vijiji vya Ujamaa vinaanza, kila mtu ndugu, na kila ndugu anataka kujua ndugu mwenzake anafanya nini. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Walimu wenzangu wakitoka shuleni walifuga kuku. Mimi nilipiga picha malori. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja kuniuliza, kwa heshima zote.

"Ndugu Mwalimu, haya magari unampigia nani picha?"

"Najipigia mwenyewe."

Akafikiri. "Huna watoto wa kuwapiga picha?"

"Ninao. Hawatulii."

Jibu likamtosha. Na yeye alikuwa nao.

Filamu moja ilikuwa na picha kumi na mbili. Ikiisha nilimpa dereva yeyote anayeelekea Singida mjini, aifikishe kwa mzee mmoja mwenye studio karibu na soko. Sikuwahi kumwona mzee huyo, maana kumwona kungetaka safari, lakini nilimjua kwa penseli yake. Kila picha ilirudi na maneno nyuma. "Mwalimu, gurudumu la nne limekwenda wapi?" "Lori hili limeota nguzo kichwani." "Huu ni moshi?" Ule haukuwa moshi. Lilikuwa basi, lilikataa kusimama.

Penseli ile ndiyo iliyonifundisha. Nilijifunza kusubiri gari litulie. Nilijifunza kupiga magoti, kwa sababu ukilipiga lori umesimama linakuwa kiberiti, lakini ukishuka chini linakuwa kubwa kama dereva wake anavyoliwaza. Nikajifunza kuliacha jua la saa sita, linalopaka upande mmoja chokaa na mwingine masizi, ningoje saa kumi na moja jioni, vumbi limelala. Na kumwomba dereva akunje usukani kidogo, ili gurudumu la mbele lijitokeze. "Kunja, baba, kidogo tu," nawaambia wanaume wenye ndevu, nao wanakunja.

Mume wangu alikuwa anakaa kizingitini anacheka. "Mke wangu anaendesha malori yote ya mkoa huu," aliwaambia wapita njia. "Tena kwa magoti."

Basi, mdogo wake mume wangu alikuwa utingo kwa muda mrefu, ananing'inia nyuma ya lori la ushirika. Mwaka ule akapata leseni, akakabidhiwa lori. Na alikuwa amependa binti wa kijiji cha Mungaa, amependa mpaka anasahau kula, jambo ambalo kwake halikuwahi kutokea. Lakini wazazi wa binti walikuwa wamemwona siku za utingo, lori limekwama, yeye yuko chini anachimba, tope mpaka masikioni. Mshenga wetu, yule yule balozi, alipokwenda mara ya kwanza alirudi na maneno haya: "Hatuozi binti kwa mtu anayesafiri akining'inia." Aliapa kwamba kijana sasa ni dereva, hawakumsikia. Lori lenyewe lilikuwa la ushirika, haliwezi kwenda Mungaa kuposa. Na kulikuwa na karani mmoja ameshaanza kupita pita pale kwao. Tuliruhusiwa kurudi mara moja tu, baada ya mavuno.

"Shemeji," akaniambia, "maisha yangu yako tumboni mwako."

"Sema yako kwenye kamera. Kaka yako anasikia."

Nikampiga picha amesimama kando ya lori. Ikarudi: utingo kabisa, tena utingo aliyeoga. Nikamweka kwenye usukani. Lori likatoka zuri, linang'aa, lakini ndani ya kabini palikuwa peusi kama ndani ya kibuyu. Penseli ikaandika: "Gari safi. Linajiendesha?"

Shemeji akasoma, akakaa chini kwenye mkeka. Hakutania. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Nikamwaga picha zangu zote za nyuma, nikaanza kuzipekua moja moja. Katikati ya zile mbovu nikaikuta moja ya lori lililoegeshwa mbele ya ukuta wa ghala, na ndani yake dereva amelala mdomo wazi, meno yote yanahesabika. Kumbe ukuta ule mweupe ulikuwa unamrudishia jua usoni! Nikatoka mbio kuutazama. Umezibwa na magunia ya karanga mpaka juu. Mavuno.

Basi nikawaza: ukuta si mpaka uwe ukuta. Nikafungua sanduku, nikatoa shuka letu jeupe la harusi.

"Mimi, mtu mzima," alisema mume wangu, "nikashike shuka barabarani?"

"Utakuwa nyuma yake. Nani atakuona?"

Akaenda, ananung'unika, akalinyanyua juu kwa mikono miwili mbele kidogo ya lori. Akinamama waliokuwa wanapepeta karanga wakaacha nyungo zao.

"Jamani, nani anajifungua hapo?"

"Mimi!" shemeji akajibu kutoka kwenye kabini. "Ombeni salama!"

"Sogea kushoto," namwambia mume wangu. "Inua. Shusha. Inua tena." Ghafla mwanga ukaingia kabini kama maji kwenye mtungi, nikaona shingo, kidevu, kisha uso mzima wa shemeji, na mkono wake juu ya usukani. Nikabana pumzi, nikabonyeza.

Picha iliporudi niliigeuza kwanza nyuma. "Hii ndiyo picha, Mwalimu. Nakala nimeitundika dirishani kwangu. Ila marehemu aliyesimama ni nani?"

Nikaigeuza. Lori lilikuwa zuri kiasi cha kuliwa, shemeji anaonekana hadi nyusi. Na pembeni, jeupe kama sanda, limesimama shuka, na chini ya shuka miguu miwili mikavu ndani ya katambuga zilizokatwa kwenye tairi kuukuu. Kumbe aliyejificha alijificha nusu. Nikashika mkasi, lakini kuikata miguu kungelitoboa lori taa moja. Na siku ya mshenga ilikuwa kesho yake. Ikaenda hivyo hivyo.

Balozi alirudi siku ya tatu kwa baiskeli. Tulikuwa wote watatu uani. Akanywa maji kwanza, wazee wana namna yao ya kututesa.

"Wamelitazama lori?" niliuliza.

"Lori? Walilitazama."

"Wameuona mwanga ulivyoingia ndani?"

"Mwanga gani? Baba mtu aliishika picha muda mrefu, akauliza, 'Na huyu mwenye miguu?' Nikaona niseme kweli. Nikasema ni kaka yake, anamshikia jua. Akacheka mpaka akaita watu wa nyumba nzima. Halafu akasema: 'Lori ni la ushirika, leo lipo, kesho litapewa mwingine. Lakini mtu ambaye kaka yake anakubali kusimama barabarani amefunikwa shuka kwa ajili yake, huyo ana kwao. Waje.'"

Shemeji alipiga yowe, kuku wakatawanyika. Nami nilifurahi, nilifurahi kweli, ingawa moyoni nilikuwa nayakumbuka magoti yangu yote yale vumbini. Mume wangu alinyoosha miguu yake mbele, polepole, tuione vizuri.

Shemeji akamwinamia, akaishika yote miwili. "Shikamoo, miguu."

"Marahaba," akajibu mume wangu, na akainua mmoja.